Vifaa Vyangu Tu

Mteja wangu alikuwa amefiwa na baba mkwe, na wasifu wa marehemu ulitakiwa kanisani mchana ule ule. Alikuja nao kwenye simu, umeandikwa na mtoto wa kaka yake, aya chache za heshima. Aliponitumia niliunakili, nikaweka mshale wa kompyuta chini ya picha ya mzee aliyevaa koti, nikabandika. Kwenye karatasi ya msiba kukatokea maneno haya: "Mpunga bado una maji. Mwambie akija tena na mizani yake mbovu nitamfukuza."

Mteja akasoma. Akanitazama. Mimi nikaitazama kompyuta kwa jicho la mama aliyeaibishwa na mwanawe mbele ya wageni.

"Ni kweli mzee alikuwa mkulima," mteja akasema kwa upole, "lakini hilo la mizani tuliondoe."

Nikaliondoa. Sikuwa na haja ya kuuliza limetoka wapi. Lilikuwa limetoka Puge, kwenye simu ya pacha wangu, ambaye wakati huo bila shaka alikuwa amesimama kwenye jaruba la mpunga akimpa mtu fulani ukweli wake.

Mimi wakati huo niliishi Tabora mjini, Chemchem, na steshenari yangu iko chumba cha mbele cha nyumba yangu. Ina kompyuta moja, mashine ya fotokopi, printa yenye tabia mbaya na benchi la wateja. Pacha wangu aliishi Puge, upande wa Nzega, akilima. Ukipanda basi kumfuata unasinzia, unaamka, unanunua karanga, unasinzia tena ndipo unafika. Lakini kitu alichokinakili yeye kule shambani kilikuwa mezani kwangu kabla hajafuta jasho.

Ili uelewe jinsi tulivyofika hapo, lazima nikueleze tulivyolelewa.

Kwetu pacha hawagawiwi kimoja. Mgeni akija na kanga moja, mama alimrudisha mlangoni kwa adabu zote akatafute ya pili. Haikuwa tamaa. Watu waliamini, na wako wanaoamini mpaka leo, kwamba ukimpa pacha mmoja ukamnyima mwenzake unajitafutia balaa. Tulikula sahani moja, tulinyolewa siku moja, tulibatizwa kwa maji yale yale. Nikikosa mimi tulichapwa wote, jambo ambalo mimi naona halikuwa haki, na yeye anaona halikuwa haki zaidi. Majina yetu ni yale wanayopewa mapacha wote wa huku. Hata usiyetujua unayajua, kwa hiyo sina sababu ya kuyaandika.

Kitu kimoja tu hakikupatikana viwili. Shangazi yetu wa Tabora mjini alitaka mtoto wa kukaa naye na kumsomesha, na alikuwa na nafasi ya mmoja. Nikaenda mimi. Ndivyo nilivyojifunza kupiga taipu, na kutoka taipu nikaingia kwenye kompyuta, na mwenzangu akabaki na mama na jembe.

Hayo ya kugawana yalikuwa rahisi. Kilichotushinda maisha yetu yote ni shikamoo. Mimi nilitoka kwanza, kwa hiyo mimi ni mkubwa, na mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Yeye anasema mwenye nyumba ndiye hutoka mwisho, baada ya kuhakikisha hakuna kilichosahaulika ndani. Basi tumezeeka bila kuamkiana. Tukipigiana simu kila mmoja ananyamaza akisubiri, halafu mmoja anasema "Haya," na mazungumzo yanaanza. Marehemu mume wangu alidhani ni mtandao.

Simu zenyewe tulizinunua pamoja, mjini Tabora, mbili zinazofanana hadi rangi. Muuzaji alituuliza kila mmoja anataka kufungua akaunti gani. Tukamwambia moja. Akajaribu kueleza kwamba kila mtu huwa na yake, kuna mambo ya siri, kuna mambo ya usalama. Pacha wangu akamkatiza.

"Baba, sisi tulikaa tumbo moja miezi yote ile na hatukugombana. Akaunti moja haitatushinda."

Muuzaji akafungua moja. Simu zote mbili zikaandikwa "Simu ya Bibi," na niliporudi dukani nikaiunganisha na kompyuta yangu kwenye akaunti hiyo hiyo. Toka siku hiyo kompyuta ikaamini kwamba mimi na pacha wangu ni mtu mmoja mwenye simu mbili, na alichokinakili mmoja, mwingine akibandika ndicho kinachotoka. Mama angeipenda sana kompyuta ile.

Usidhani sikujua mipangilio. Ninaijua, ni kazi yangu. Kuna sehemu ya kushirikisha vifaa, na inakupa njia tatu. Unaweza kuzima, unaweza kushirikisha vifaa vyako tu, au unaweza kumfungulia kila aliye karibu. Hiyo ya tatu niliijaribu mara moja, wateja wanitumie nyaraka zao bila kuhangaika na waya. Vijana wa bodaboda wanaoegesha mbele ya duka wakanitumia picha za timu yao siku nzima, pamoja na mmoja wao akiwa kifua wazi. Nikarudi kwenye "Vifaa vyangu tu," nikajiona mwanamke mwangalifu kama mimi mjini pale hakuna.

Maneno ya Puge yaliendelea kuja, maana mwenzangu huandika agizo mara moja, akalinakili na kuwatumia wote linaowahusu. Kwenye kadi ya harusi ya watu wenye heshima zao iliingia "lete viroba na kamba." Kwenye barua ya kuomba uhamisho iliingia dawa ya kuku. Wateja wa kudumu walizoea, wengine wakawa wanauliza, "Leo shambani kunasemaje?" Ningeweza kufunga wakati wowote, ni kubonyeza tu. Sikufunga kwa sababu nilipenda. Niliishi peke yangu tangu mume wangu afariki na watoto waende kwenye makazi yao, na yale maneno yaliyodondoka katikati ya kazi yalinijulisha kwamba mwenzangu ameamka, ana nguvu, na anagombana na mtu.

Jambo moja sikuwahi kujiuliza. Sikuwahi kujiuliza kama na mimi ninafika kwake. Kwetu vitu hutoka shamba vikaja mjini, mchele, karanga, michembe ya viazi vikavu, kuku aliyefungwa miguu. Nani aliwahi kuona steshenari ikipeleka kitu shamba? Njia hii ya kwetu imepitisha misafara tangu enzi za mababu, wapagazi wakishuka pwani na pembe na kurudi na nguo na shanga, na mimi mjukuu wao nikakaa pale Chemchem nikiamini mzigo huenda upande mmoja.

Sasa nifike kwa mzee wa asali.

Alikuja kutoka Usinge kutengeneza lebo za chupa. Alikuwa mgane, mrefu, mwenye nguo safi zenye harufu ya moshi wa mizinga, na alizungumza polepole mpaka nikataka kumsaidia kumaliza sentensi. Nilimtengenezea lebo yenye nyuki. Akasema nyuki yule amenona mno, wa kwao ni wembamba. Nikampunguza nyuki. Akasema sasa anaonekana mgonjwa. Tulimrekebisha nyuki yule asubuhi nzima, na jioni yake nikagundua kwamba nilicheka mara nyingi kuliko nilivyocheka tangu masika. Akarudi kuchukua lebo. Akarudi tena kuuliza kama lebo zinashika kwenye plastiki, swali ambalo angeweza kulijibu mwenyewe kwa kubandika moja.

Kisha zikaanza jumbe za simu. Mimi kwenye simu kidole changu kimoja hugusa herufi tatu, kwa hiyo nilikuwa naandika majibu yangu kwenye kompyuta, nayasoma, nayapunguza utamu, nayanakili, halafu nayabandika kwenye dirisha la ujumbe. Mtu mzima hatumi kitu ambacho hajakihariri.

Mwezi wa mavuno alisema alilotaka kusema tangu nyuki wa kwanza. Nyumba yake Usinge ni kubwa na kimya, mabati ameezeka upya, na angependa tuoane niende nikakae naye huko.

Ningekuwa peke yangu ningefurahi palepale. Lakini sikuwa peke yangu, sijawahi kuwa. Tulikuwa tumekubaliana zamani, tangu wote wawili tulipobaki wajane, kwamba uzee tutaula pamoja, Chemchem, nyumba moja. Pacha wangu alikuwa amekwisha mwachia mwanawe wa kwanza nyumba ya Puge, na mkwe wake alikuwa ameshahamisha vyombo. Alikuwa anangoja mpunga ukauke tu aje. Chumba chake nilikuwa nimekipaka rangi na kununua kitanda kama changu, godoro kama langu, hata neti rangi moja. Ningemwambiaje? Kwamba aje kwenye nyumba ambayo mimi ninaihama? Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimepewa kitu ambacho hakigawanyiki, na nilikuwa nakificha kama mtoto aliyefunga sukari kwenye pindo la kanga. Niliona aibu, na nilikuwa na hofu ya kumpoteza, yeye au yule mzee, mmojawapo.

Nikaandika jibu: "Salamu nimepokea. Hilo ulilosema ni zito, naomba uniache kwanza nifikiri." Nikalinakili. Kabla sijalibandika wakaingia wanafunzi wa chuo, kundi zima, kila mmoja na vyeti vyake vya kutoa nakala, na printa ikachagua saa hiyo kula karatasi. Nilipomaliza nao miwani ilikuwa imepotea mahali nisipopajua. Nikabandika, nikatuma, nikaenda kuchemsha chai. Miwani ilikuwa juu ya kichwa changu.

Jumapili, nimetoka misa ya pili, namkuta mzee wa asali kwenye benchi la wateja nje ya duka. Amevaa suti. Pembeni yake ameweka ndoo mbili za asali, na juu ya kila ndoo kitenge kilichokunjwa vizuri, vitenge vyenyewe vinafanana.

"Karibu," nikasema, maana ndicho mtu anachosema.

"Ahsante, mama. Nimekuja kama ulivyoagiza."

"Nilivyoagiza?"

"Na ndoo ya pili ndiyo iliyonichelewesha. Ilibidi nikaazime kwa jirani." Akaiweka sawa ile ndoo. "Hukuniambia kama ni pacha. Sisi huko kwetu nasi tunajua habari hizo. Ningekuwa nimejiandaa mapema."

Nikamwomba anipe dakika nikatazame maji ya chai. Nilikwenda moja kwa moja chumbani, nikavaa miwani, nikafungua simu na kusoma nilichomtumia. Kiliandikwa hivi: "Salamu nimepokea. Hilo ulilosema si zito. Njoo Jumapili baada ya misa ya pili tuzungumze. Mimi ni pacha, usije na kimoja."

Nilikaa kitandani. Maneno ya mwanzo yalikuwa yangu. Hayo mengine sikuyaandika mimi wala kompyuta, na kuna mtu mmoja tu duniani anayeweza kuchukua sentensi yangu katikati akaimaliza.

Nikarudi nikampa mgeni chai na maandazi. Tulizungumza habari za nyuki, barabara na bei ya chupa. Sikumjibu ndiyo wala hapana, naye hakunisukuma. Alipoondoka aliacha ndoo zote mbili mlangoni kwangu, akasema ya pili nimpelekee mwenye nayo nitakapojaliwa.

Jumatatu nilifungua duka nikiwa nimefura. Nataka niseme ukweli, nilichukia sana. Ndoo ya asali haikunituliza, na niliionja. Nikaingia kwenye mipangilio, kwenye vifaa, niondoe simu ya mtu asiyejua mipaka. Orodha ikafunguka: kompyuta ya duka, halafu "Simu ya Bibi," halafu tena "Simu ya Bibi." Aina moja, rangi moja. Nikatazama huku na huku nione ipi yangu, nisipate hata alama. Nikaamua mimi ni wa kwanza, basi yangu ni ya juu. Nikaiondoa ya chini. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Nikaijibu kwa sauti kwamba nina hakika, mteja aliyekuwa kwenye benchi akaitika.

Haukupita muda nikajaribu kubandika kichwa cha barua ya kikundi cha akina mama, ikatoka: "Maharage yamelowekwa tangu jana." Nikachukua simu yangu. Ilikuwa imekatwa na kompyuta kabisa, haipokei wala haipeleki. Nilikuwa nimejifukuza mwenyewe dukani kwangu, na mwenzangu nimemwacha amekaa kwenye kiti.

Nilicheka mpaka mteja akacheka bila kujua sababu. Hasira ikiisha kwa kucheka hairudi na nguvu zake zote. Nikampigia.

Alipopokea alinyamaza, akisubiri shikamoo yake. Nami nikanyamaza.

"Haya," akasema.

"Unanisoma tangu lini?"

"Tangu nyuki."

"Nyuki yupi?"

"Yule mnene. Ulipomwandikia kwamba lebo iko tayari na nyuki amepunguzwa kitambi. Kila unachokinakili kinanijia hapa juu ya herufi za kuandikia, mwenzangu, mimi nifanyeje? Nifumbe macho? Nilikuwa nafuata kama mchezo wa redio. Siku usiyomwandikia nashindwa kupika."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nilikuwa nangoja uniambie. Ukakaa. Mtu mzima anakuambia jambo lake zuri, wewe unamwambia ni zito. Zito nini? Nikalirekebisha nione lingesomekaje."

"Ukalinakili."

"Nikalinakili," akasema, wala hakushusha sauti. "Nilijua litafika. Yangu huwa yanafika, si unalalamika kila siku?"

Nilitaka kumfokea. Badala yake nikasikia sauti yangu imekuwa ndogo.

"Na nyumba? Tulikubaliana. Puge umekwisha kuwaachia watoto. Mimi nikienda Usinge wewe unakuja kwa nani?"

"Nakuja kwangu. Si umesema kitanda ni kizuri?"

"Utakaa na nani?"

"Na wateja."

Nikamwambia hiyo ni kazi, kuna kompyuta, kuna printa yenye tabia mbaya, kuna watu wanataka barua za Kiswahili fasaha. Akaniacha niyamalize yote. Alipozungumza tena alizungumza taratibu, na mzaha ulikuwa umekwisha.

"Unakumbuka shangazi alipokuja kuchukua mtoto?"

"Nakumbuka."

"Kanga ikija moja, mama alimrudisha mtu mlangoni akatafute ya pili. Siku ile hakumrudisha shangazi. Nilisimama pale kwenye ghala nikingoja amrudishe. Sikukuchukia, sikiliza vizuri, hata siku moja. Ulipokuwa unakuja likizo unaninukia sabuni ya mjini, nilikuwa nalala karibu na wewe niinuse. Lakini shamba nimelikaa la kutosha. Sasa wewe nenda porini ukafukuze nyuki, mimi nikae Chemchem nikanywe chai ya dukani. Ni zamu yangu."

Miaka yote nilidhani hakuna tulichowahi kupewa kimoja, na hicho kimoja kilikuwa ndicho maisha yangu yote. Nililia pale kaunta bila kujificha, na yule mteja wa kikundi cha akina mama akanipa karatasi ya fotokopi nijifutie.

"Unalia?" pacha wangu akauliza.

"Ni wino."

"Haya. Na ndoo yangu usiiguse. Nakujua."

Nilikuwa nimekwisha ionja, imeshuka kidogo chini ya mfuniko.

Alikuja mpunga ulipokauka, na magunia yake, na kuku wake, na jembe ambalo hakulihitaji. Mzee wa asali alifika na watu wake kwa utaratibu, na kila kilichowekwa mbele yangu kiliwekwa na cha kufanana nacho mbele ya mwenzangu, ambaye alikikagua kwa makini kuliko mimi. Kitenge chake alikirudisha kwa sababu kilikuwa kimefifia ukingoni. Wazee wa upande wa bwana wakaenda kutafuta kingine, na yeye akakaa akiwangoja bila haraka, uso wake unafanana kabisa na wa mama.

Nilimfundisha kazi. Sitadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Kubonyeza anabonyeza kama anayejaribu embe, na wateja wanaorudia rudia maswali anawaambia waende wakafikiri nyumbani. Lakini wanampenda. Wamemzoea kwa maneno yake kabla ya kumwona, na wengine walikuja tu kutazama sura ya mtu wa viroba na kamba. Mipangilio ya vifaa alitaka kuielewa kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Nikamfungulia. Nikamwonyesha pa kuzima, pa kumfungulia kila aliye karibu, na pa kushirikisha vifaa vyako tu. Nikamwambia kwa kweli tungepaswa kufungua akaunti ya pili, kila mtu na yake, ndivyo wanavyoshauri wenye kujua, maana sasa huko ndani kuna mambo yangu na mume wangu mpya.

"Mambo gani ambayo sikuyasoma?"

Hakuwa amekosea. Nikairudisha simu yangu kwenye orodha, chini ya yake. Tukaona tu tuzipe majina, nisije nikajifukuza tena. Yake akaiita "Simu ya Mkubwa." Alipotoka kwenda kuwafungia kuku wake, yangu nikaiita "Simu ya Mkubwa."

Usinge mtandao hupatikana juu ya kichuguu kimoja nyuma ya nyumba. Mume wangu alinionyesha siku ya kwanza, kwa fahari, kama mtu anayeonyesha sebule. Siku hiyo nilimwacha na bomba lake la moshi na mizinga yake, nikapanda kwenye kichuguu peke yangu. Msitu ulikuwa kimya mchana ule, nyuki tu. Nikaitazama simu. Nikamwona yule mtoto amesimama kwenye ghala akingoja mama aseme neno, na mimi nimekwisha shika mkono wa shangazi, nimevaa gauni jipya.

Kupiga simu sikutaka, kwa sababu angenyamaza nami ningenyamaza. Nikaandika neno kwa kidole kimoja, nikalifuta lilipokosewa, nikaliandika tena: "Shikamoo dada." Sikulituma kwa mtu. Nililinakili tu, nikajua litafika.

Nilikaa kwenye kichuguu nikingoja, na moyo ulinienda mbio kuliko siku ya harusi. Jibu lilikuja juu ya herufi zangu:

"Marahaba mdogo wangu. Imetokea kwenye barua ya kijana anayeomba kazi. Amesema tuiache, anayemwandikia ni mtu mzima."